Bomba, Bati na Gundi: Kisa cha Tela la Kambi Lililojengwa Kampala

Usuli

Mwenye tela ni askari mstaafu. Karakanani sote tulimwita Afande, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Majina, mtaa na aina ya gari nimeviondoa. Vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa, maana kisa cha vyuma bila vipimo ni porojo.

Kila Desemba Afande na mkewe hufunga hema na kwenda mbugani: Ziwa Mburo, Murchison, mwaka mwingine Kidepo. Mwaka huo Mama akasema mgongo wake nao umestaafu, haulali tena chini. Waliulizia tela lililotengenezwa tayari, la kuagiza Afrika Kusini, na bei yake pamoja na usafiri na ushuru ikawa inakaribia ya gari lenyewe. Ndipo wakamwendea fundi mmoja wa kuchomelea ambaye kwa miaka mingi alijenga bodi za mabasi. Fundi akaniita mimi nichore na kupiga hesabu. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho, na moja ya makosa yaliyofanyika ni langu.

Gari la kuvuta ni dogo la Kijapani, injini ya cc 2000, uzito kama kilo 1,500. Tela lisingekuwa na breki zake. Huku kwetu mtu huvuta chochote kinachofungika nyuma ya gari, lakini niliazima kanuni ya Ulaya: tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo, wala lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Kwa gari hili namba zote mbili ziliangukia mahali pamoja. Tukajiwekea 600, zile 150 zinazobaki ziwe za milima na uzee wa injini.

Ukubwa uliamuliwa na duka. Karatasi ya bati, ya alumini au ya plaiwudi huuzwa futi nane kwa nne, yaani kama mita 2.4 kwa 1.2. Tukafanya ukuta mmoja uwe karatasi moja: urefu 2.4, kimo 1.2, upana 1.5. Watu wawili wanalala ndani, jiko liko nyuma chini ya mlango unaofunguka kwenda juu. Ukijumlisha kuta, paa, mbele na nyuma unapata mita za mraba 13 za ngozi. Hiyo 13 ndiyo niliyozunguka nayo wiki nzima.

Pendekezo la kwanza: chuma juu mpaka chini

Fundi alitaka kujenga anavyojua. Chasisi ya chaneli, yaani chuma chenye umbo la U, ya milimita 100, mbavu za bomba la mraba 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 2, na ngozi ya bati la geji 18, ambalo ni kama milimita 1.2.

"Afande, chuma hakijawahi kumwaibisha mtu," akasema.

Mama alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu anakunywa soda. "Na likizama kwenye tope, fundi, nani ataliinua? Hicho chuma?"

Tulicheka, lakini swali lile ndilo lililonirudisha kwenye kalamu. Chaneli ile ina kama kilo 10.6 kwa mita, nasi tulihitaji mita 14: kilo 148. Mbavu za 40 kwa 40 ni kilo 2.3 kwa mita, mita 40: kilo 92. Bati la milimita 1.2 lina kilo 9.4 kwa mita ya mraba, mara 13: kilo 122. Jumla 362, bila ekseli, magurudumu, sakafu, godoro wala sufuria. Ekseli iliyotolewa kwenye gari kuukuu, pamoja na springi zake za majani na magurudumu, ilikuwa na kilo 110 peke yake. Tungefika 600 kabla ya kutia maji kwenye dumu.

Tena bati la paa peke yake ni kilo 34, na ziko juu kabisa. Barabara inapoinamia mtaroni, kilo iliyo juu ya kichwa chako haina adabu ya kilo iliyo chini ya miguu yako.

Pendekezo la pili: alumini tupu

Mpwa wa Afande anayeishi ng'ambo alituma picha za tela la alumini mwili mzima, linang'aa kama sufuria mpya. Afande akalipenda. Nami nililipenda, mpaka tulipokaa na Fundi kuuliza nani atalichomelea.

Alumini ina theluthi moja ya uzito wa chuma, sawa. Lakini na ukakamavu wake ni theluthi moja vilevile, kwa hiyo ukitaka lisipinde kama la chuma lazima ulikuze bomba, na sehemu ya nafuu inarudi dukani. Uchomeleaji wake ndio mtihani hasa. Juu ya alumini kuna utando wa oksidi unaoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, ilhali alumini yenyewe iliyo chini yake inayeyuka kwenye 660. Unahitaji mashine ya TIG yenye umeme wa kwenda na kurudi, gesi ya arigoni, na mkono uliozoea. Hata ukivipata vyote, zile alumini zilizokazwa kiwandani kwa joto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kando ya mshono, wakati mwingine karibu nusu.

Jambo lililotukata maneno lilikuwa uchovu wa chuma, yaani kupasuka kwa sababu ya kutikiswa mara nyingi. Chuma cha kawaida kina kiwango cha mkazo ambacho ukikaa chini yake unaweza kukitikisa maisha yake yote. Alumini haina kiwango hicho, kila mtikisiko unaandikwa kwenye daftari. Na barabara ya Kitgum kwenda Kidepo, kupitia Orom na Karenga, ni mwandishi mwenye bidii.

Fundi akamaliza: "Likikatika kule, Afande, utampata kijana mwenye jenereta na fimbo za kuchomelea chuma. Mwenye arigoni hutampata."

Maamuzi na sababu zake

Tukachanganya. Chini chuma, juu chuma chembamba, ngozi alumini.

Chasisi ikawa bomba la mstatili 75 kwa 50, unene milimita 3, kama kilo 5.4 kwa mita: kilo 75 badala ya 148. Fundi alinung'unika kwamba chaneli ni nene zaidi. Ni kweli, lakini chaneli iko wazi upande mmoja, na kitu kilicho wazi hujinyonga kirahisi. Chukua boksi la viatu lisilo na mfuniko ulipindepinde, kisha ufunge mfuniko kwa gundi ujaribu tena. Jaribio hilo tulilifanya pale pale, na boksi lilimshawishi Fundi kuliko hesabu zangu.

Mbavu zikawa 25 kwa 25, unene milimita 1.5, kilo 1.1 kwa mita, jumla 44. Nilikubali wembamba huo kwa sharti moja, kwamba ngozi nayo ifanye kazi. Fremu ya mbavu tupu ni kama kitanda cha kamba kisichosukwa: inayumba. Ukiifunika kwa karatasi iliyoshikwa kingo zote, karatasi ndiyo inayoizuia isilale upande. Sharti hilo nalirudia chini, kwa aibu kidogo.

Kuhusu ngozi tulibishana zaidi. Afande alikuwa na mapenzi na mbao. Matela madogo ya umbo la tone la maji yaliyoenea Marekani tangu miaka ya 1930 yalijengwa sana kwa plaiwudi, na Ndeeba, hapa Kampala, imejaa plaiwudi. Ya milimita 9 ina uzito kama kilo 5.4 kwa mita ya mraba, jumla kilo 70. Haisikiki kelele ndani na haiunguzi mkono juani. Tatizo ni kingo. Uso wa plaiwudi ukiupaka vizuri unavumilia mvua, ila maji huingia kwenye kingo na kwenye kila tundu la skrubu, na mchwa hawahitaji mwaliko. Tela hili lingelala nje.

Kijana mmoja wa mabango akatuletea kipande cha alukobondi, ile karatasi ya mbele za maduka: plastiki katikati, alumini nyembamba pande mbili. Milimita 4 zake zina kilo 5.5 kwa mita ya mraba, ni nyoofu kama kioo na ina rangi tayari. Niliikataa kwa sababu ya jiko. Ile ya kawaida ina polithini katikati, na polithini inawaka. Jengo la Grenfell la London lililoungua mwaka 2017 na kuua watu 72 lilikuwa limevikwa karatasi za aina hiyo. Sikutaka mtungi wa gesi ukae sentimita 40 kutoka kwake na watu wamelala upande wa pili.

Ikabaki karatasi ya alumini ya milimita 1.2: kilo 3.2 kwa mita ya mraba, ngozi nzima kilo 42. Afande alilipa karibu mara mbili ya bei ya bati, na alilipa akiguna.

Chasisi, mbavu na ngozi kwa pamoja zikawa kilo 161. Kilo 200 zilikuwa zimeondoka kabla mtu hajabeba hata mto.

Sakafu tulichukua plaiwudi nyeusi ya kumwagia zege, milimita 12. Hatukuijadili hata dakika tano. Mtaona.

Ujenzi, na siku gundi ilipokwisha

Chuma na alumini havipendani vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Tena haviendi sawa kwenye joto. Karatasi ya mita 2.4 ikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri mpaka jua la saa nane, tuseme tofauti ya nyuzi 40, hurefuka milimita 2.3, na bomba la chuma chini yake hurefuka nusu ya hapo. Kila siku, kwenda na kurudi, vinasuguana zaidi ya milimita moja. Kwa hiyo mpango ulikuwa ngozi isiguse fremu kabisa: kati yao kuwe na mstari wa gundi ya kioo cha gari, ile poliyurethini nyeusi ya mafundi wa vioo, wenye unene wa milimita 3. Gundi hiyo ikikauka inabaki kama mpira, inashika kama msumari na inavutika. Riveti chache za kushikilia karatasi wakati gundi inakauka, basi.

Mbavu zilipakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, zikasuguliwa kidogo, zikafutwa kwa spiriti. Upande wa kulia, paa na mbele vilienda vizuri. Tulipofika upande wa kushoto, mirija sita ya gundi ilikuwa imekwisha.

Hesabu ile ilikuwa yangu. Nilihesabu urefu wa mbavu nikasahau viungo vya kingo, paa, na ile inayobaki kwenye mdomo wa mrija. Tulihitaji kama kumi. Ilikuwa Ijumaa, duka halikuwa na nyingine mpaka wiki inayofuata, na Afande alikuwa na nafasi ya kambi Kidepo. Fundi akasema upande ule atautia riveti tupu, moja kila sentimita 5, na silikoni kwenye kingo, kama walivyofanya kwenye mabasi. Nilisema sawa. Sikulazimishwa.

Kioja kimoja cha pembeni. Kwa kuzuia joto tuliweka kati ya mbavu stairofomu nyeupe nyepesi, ile ya maboksi ya samaki. Kijana wa karakana akaipaka gundi ya viatu, akaenda kunywa chai. Aliporudi stairofomu ilikuwa imenywea imekuwa mashimo mashimo kama sega la asali, kwa sababu kiyeyushi cha gundi ile huila stairofomu. Tulinunua nyingine, tukaibandika kwa gundi ya mbao.

Safari na matokeo

Kabla ya kuondoka tela lilipimwa kwenye mizani ya ghala la mahindi: kilo 418 tupu. Likiwa na maji, gesi, chakula na vitu vya Mama, 563.

Lami mpaka Kitgum haikutoa neno. Baada ya hapo barabara ina mikunjo kama mabati ya nyumba, na ukienda taratibu inakutikisa meno, ukienda kasi inakutikisa roho. Karibu na Karenga walisimama kunywa maji. Afande, kwa mazoea ya jeshi, akazunguka tela akikagua. Chini, pale mikono miwili ya kuvutia, ile inayounganisha tela na gari, inapopita chini ya bomba la mbele la chasisi, aliona mstari mwembamba wa kutu mpya, mwekundu, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Ulikuwa ufa wa sentimita 3 kando ya mshono.

Kijana mwenye jenereta alipatikana, kama Fundi alivyotabiri. Alisaga ufa, akaujaza, akaweka kibao cha chuma upande. Kazi ya saa moja na nusu. Kwa tela la alumini tupu safari ingeishia hapo.

Waliporudi Kampala tuliliegesha kivulini nikalizunguka kwa tochi. Upande wa kulia, wa gundi, ulikuwa na vumbi tu. Nilibonyeza kwa kiganja kila ubavu: kimya. Upande wa kushoto kila riveti ya safu ya chini ilikuwa na doa jeusi chini yake, limechirizika kuelekea nyuma, kama wanja uliokutana na machozi. Si uchafu wa barabara. Ni unga wa alumini yenyewe: karatasi imesuguana na kichwa cha riveti maelfu ya mara, ikajisaga. Nilishika kichwa kimoja kwa vidole, kikazunguka. Tulipozing'oa, matundu kumi na moja yalikuwa yameshakuwa ya yai, na mahali ambapo keekee ilikwangua rangi ya mbavu kulikuwa na unga mweupe wa alumini inayoliwa.

Na sakafu. Kingo za plaiwudi ile hatukuzipaka chochote baada ya kukatwa. Kwenye mlango wa nyuma, maji ya jikoni yalizifikia, milimita 12 zikawa 15.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki huuliza: basi alumini ni nzuri au mbaya? Swali limeelekezwa pabaya. Kushoto na kulia ni karatasi ile ile, mbavu zile zile, barabara ile ile, mzigo ule ule. Kilichotofautiana ni milimita 3 za mpira kati ya karatasi na bomba. Upande wa kulia nguvu zilisambaa kwenye mstari wote, na ile milimita ya kila siku ya joto ilimezwa na gundi. Upande wa kushoto nguvu zilikusanyika kwenye vitundu vya milimita 5, na riveti haina namna ya kuvutika: ama inazuia, ama inasaga. Ilifanya yote mawili kwa zamu.

Kibaya zaidi, mbavu za 25 nilizikubali kwa sharti kwamba ngozi ifanye kazi. Nilipokubali riveti tupu nililivunja sharti langu mwenyewe na sikurudi kupiga hesabu ya mbavu. Mabasi aliyoyajenga Fundi yanavumilia riveti kwa sababu mbavu zake zinajitegemea; bati ni nguo tu. Yeye alichukua njia iliyo sahihi kwenye bodi nyingine, mimi ndiye niliyejua kwamba bodi hii si ile. Wiki moja ya kungoja gundi ingemkosesha Afande nafasi ya kambi, jambo ambalo lilionekana kubwa sana Ijumaa ile.

Ufa wa mkono nauweka kando, kwa sababu hauhusiani na aina ya chuma. Fundi alichomelea kwa kukata njia, mshono umepita kushoto kwenda kulia kwenye mkono, yaani mahali mkono unapopindwa zaidi kila tela linapodunda. Ukingo wa mshono ni kama mkato wa kucha kwenye kitambaa: ukivuta, huanzia hapo. Mishono ilipaswa kwenda kwa urefu wa mkono, pembeni, na ikome kabla ya kufika kona. Chaneli nzito ya pendekezo la kwanza ingechelewesha ufa, lakini mshono wa namna ile ungeutafuta tu.

Bomba la chasisi lenyewe limenipendeza. Nililipima kwa kamba kona hadi kona kabla na baada ya safari, halikuhama. Fundi alikuwa ametoboa vitundu vya kupumulia upande wa chini na kumimina oili chafu ndani, dawa ya zamani ya kutu isiyo na cheti chochote, nami siwezi kuibeza.

Kwa wasomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja: ule unga mweupe sisi tuliuona kwa wiki chache za vumbi na manyunyu ya bara. Penye hewa ya chumvi msiruhusu hata riveti moja ipite bila gundi kwenye tundu lake.

Jasho la alfajiri pia lilionekana, matone yamejipanga ndani sawasawa na mistari ya mbavu, kwa sababu tulijaza stairofomu kati ya mbavu lakini mbavu zenyewe zinagusa ubao wa ndani. Kitambaa chembamba cha sponji juu ya kila ubavu kingetosha. Hilo ni dogo.

Hali ilivyo sasa

Upande wa kushoto tuliuvua wote. Karatasi mpya, mirija minne ya gundi niliyoilipia mimi, riveti saba tu. Mikono ya kuvutia imeondolewa na kuchomelewa upya pembeni. Tangu hapo tela limekwenda Ziwa Mburo mara mbili na kurudi bila wanja.

Sakafu haijabadilishwa. Mlango wa nyuma ungali unakwama kila mvua ikinyesha, na Afande hubeba randa kwenye sanduku la jiko, kati ya mwiko na chujio la chai.